Kandambili za Mlango wa Nyuma

Kama umewahi kula pilau ya harusi Kibuli, kilimani pale Kampala, na wakati wenzako wanasifu nyama wewe ukawa unaiba jicho kutazama mikono ya bibi harusi (usikatae, hapa sote ni watu wazima), basi kazi ya Kulthum umeiona. Yale maua madogo yaliyopanda kutoka kidole cha shahada, yakazunguka kifundo, yakapotelea ndani ya mkono wa gauni huku wewe ukijiuliza yameishia wapi, ni yake. Yalikoishia hayakukuhusu.

Kwa miaka mingi, katika zile familia za mlimani ambazo babu zao walikuja na misafara ya biashara kutoka pwani wakasahau kurudi, hakuna binti aliyeolewa bila kupita mikononi mwa Kulthum. Koni za plastiki alizidharau. Alitumia chelewa ya ufagio aliyoichonga kwa wembe. Hina aliisaga mwenyewe, akaichekecha kwa mtandio mwembamba, akairoweka kwa ndimu na mafuta ya mkaratusi mpaka nyumba nzima inanuka harusi. Na maringo alikuwa nayo, usimwone hivi! Mwali akitikisika, Kulthum huweka chelewa chini. "Basi nenda ukaolewe hivyo hivyo, mikono mitupu kama polisi wa Naguru." Mwali hutulia kama ukuta.

Hayo yalikuwa zamani. Mwali wa mwisho aliyempaka sasa ana watoto wanaokwenda shule. Na mwaka huu, aliposikia kwamba Taqwa anaolewa, Kulthum alikaa kitandani akaitazama mikono yake mwenyewe kwa muda mrefu. Taqwa ni binti wa kaka yake Fahim, mwenye duka la vitambaa. Mama wa mtoto, Fatumah, alikuwa akishinda dukani na mumewe, kwa hiyo aliyembeba Taqwa mgongoni, aliyempigia mswaki na kumfundisha alifu na be ni Kulthum. Kampala, dada wa baba huitwa senga, na senga ndiye anayemweka binti sawa kabla ya kumtoa kwa mume. Hana mbadala. Kwa hiyo jambo alilolitaka Kulthum duniani lilikuwa moja, tena dogo: aitwe ampake Taqwa mikono.

Sasa ngoja uelezwe kwa nini aliyestahili kuitwa wa kwanza alikuwa anangoja.

Mama yao alipofariki, Kulthum alianza kuisikia sauti yake ikitoka kwenye pipa la maji, ikiomba ipakwe hina. Akawa anaijibu kwa adabu, kwani mama ni mama hata akiwa ndani ya pipa. Halafu Ijumaa moja, Fahim akiwa msikitini na Fatumah akiwa sokoni, Kulthum alitoa hina yote iliyokuwamo nyumbani akaupaka ukuta wa sebule, kuanzia sakafuni mpaka pale mkono wake ulipofika. Hina ilipomwishia akaingia jikoni, akaendelea kwa bizari. Fahim alirudi kutoka kwenye swala akiwa na wageni. Walimkuta dada yake kichwa wazi, mikono rangi ya chungwa mpaka kwenye viwiko, akiuomba ukuta usitikisike.

Ukuta ule ulikuwa mzuri kuliko pazia lolote la mtaa ule. Lakini nani angethubutu kusema? Walisema amerukwa na akili, wakafunga madirisha.

Fahim aliupaka rangi nyeupe. Baada ya wiki chache maua yakajitokeza tena chini ya rangi, hafifu, kama doa la chai kwenye kanzu. Tangu hapo kila Idi ikikaribia yeye huupaka upya, na kila Idi ikipita maua hurudi. Mwishowe walisogeza kabati.

Usiwaone wabaya, ndugu yangu. Katika ukoo huo huo, babu mdogo wa Fahim alipougua hivyo zamani za wazungu, alifungwa mnyororo kwenye stoo ya ngozi za ng'ombe mpaka alipokufa, na wageni walioambiwa kuna mbwa mle ndani waliamini. Kulthum hakufungwa. Alipelekwa kwa Mwalimu Hamdun, mzee wa chuo cha Kurani, akaandikiwa kombe: aya kwa wino wa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji, akanyweshwa. Kulthum alikunywa. Kabla ya kunywa alimwambia mwalimu kwamba mkono wake wa kuandika ni mzuri, ila nukta anazimwaga ovyo. Baada ya majuma kadhaa Mwalimu Hamdun mwenyewe ndiye aliyemwita Fahim pembeni.

"Mimi nimesoma nilichojua kusoma," akasema. "Sasa mpeleke na hospitali. Dawa zote zinatoka kwa mmoja."

Hapo ujue dunia ilikuwa imeanza kugeuka, maana baba yake Mwalimu Hamdun angeongeza sahani tu.

Hospitali ya wagonjwa wa akili walimpa vidonge, na sauti ya kwenye pipa ikapungua mpaka ikawa kama redio ya jirani. Siku moja akapelekwa kwenye chumba chenye meza ndefu, makopo ya rangi na karatasi. Mwenye chumba alikuwa Moreen Adero, Mkenya kutoka Kisumu, msichana mrefu mwenye msalaba shingoni na rundo la funguo kiunoni.

"Mama Kulthum, chora tu vile unaskia," Moreen akamwambia.

"Nasikia njaa."

"Sawa, chora njaa."

"Njaa haichoreki. Lete mkono wako nikupake maua."

"Hapana mama, hapa tunachora kwa karatasi."

"Karatasi haina jasho, daktari. Hina bila jasho ni matope tu."

"Mimi si daktari."

"Mbona una funguo?"

Moreen alicheka mpaka akakaa. Akamweleza chumba kile kilitoka wapi, na historia hii wasomi huiandika kwa kurasa mia. Hapa utaipata kwa pumzi moja, tena bure. Zamani, madaktari wa Ulaya walikuwa wakikusanya michoro ya wagonjwa wa akili na kuifungia makabatini, kama watu wakusanyavyo vipepeo, ili waichungulie ugonjwa umejificha wapi. Mgonjwa mwenyewe hawakumuuliza kitu. Halafu, karibu na vita vikuu vya pili, mchoraji mmoja Mwingereza akalazwa kwa kifua kikuu. Kwa kuchoka kutazama dari, akachora pale pale kitandani. Akaona moyo unapata nafuu, akawaonjesha na wagonjwa wenzake, na askari waliorudi kutoka vitani wakiwa wametetemeka roho. Ndipo watu wakaanza kusema kwamba kuchora kwenyewe ni sehemu ya kupona. Huku kwetu kazi ya mgonjwa kwa muda mrefu ilikuwa kulima bustani ya hospitali na kusuka mikeka. Rangi zilichelewa kufika.

Kulthum alisikiliza mpaka mwisho. "Na huyo Mwingereza, alipotoka hospitali, watu walimpa mikono?"

"Walimpa nini?"

"Si kitu. Lete karatasi."

Akachora. Wiki baada ya wiki alichora nyumba, miti, misikiti, soko zima lenye mafungu ya nyanya na mizani, vibanda vyote viko wazi, na hakuna hata nzi. Moreen akaanza kuwa na wasiwasi. Akawaita Fahim na Fatumah, akawatandazia michoro mezani.

"Angalieni. Soko halina mtu. Nyumba haina mtu. Huyu mama anajiskia ameachwa."

Fahim aliinamisha kichwa. Fatumah hakuinamisha chochote. Jumapili iliyofuata aliingia wodini na sufuria la matoke na nyama, akalitua kwa kishindo.

"Wifi, umekwenda kutusema kwa wageni?"

"Nimewasema nini?"

"Kwamba tumekutupa! Kila Jumapili nakodi boda mpaka huku, mvua yangu, jua langu, sufuria mapajani linaniunguza. Leo naambiwa hujachora hata kivuli changu!"

Kulthum akalitazama sufuria, akamtazama wifi yake, akaelewa. Na asubuhi yake akamfuata Moreen.

"Binti yangu, mimi sichori chenye roho. Tumefundishwa hivyo tangu chuoni. Siku ya kiyama nitaambiwa nikitie pumzi, na mimi hata tairi la baiskeli linanishinda."

Moreen akashika kichwa. "Yesu! Kumbe ni dini? Na mimi nimeandika kurasa mbili kuhusu upweke wako!"

Alitegemea Kulthum angecheka naye. Kulthum hakucheka. Alikuwa akikunjua pembe ya mtandio wake, anaikunja, anaikunjua tena.

"Hizo kurasa," akasema, "usizichane."

Moreen akauliza polepole, "Sasa watu wako utawaweka wapi kwa karatasi?"

Swali lile Kulthum alilala nalo. Mkutano uliofuata alileta mchoro wa nyumba ya kaka yake. Mlango wa mbele ulikuwa na rundo la kandambili, kama ilivyo nyumba yoyote ya Kiislamu yenye watu: za Fahim zilizolika kisigino, za Fatumah za ngozi, za watoto zimepandana, na katikati zile ndogo za Taqwa za utotoni zenye kipepeo cha plastiki. Upande wa pili wa karatasi alichora mlango wa nyuma. Hapo palikuwa na jozi moja.

Aliporudi nyumbani aliukuta mlango huo wa nyuma unamngoja. Walikuwa wamemsafishia chumba cha uani. "Upumzike, wifi, huku kuna kimya," akasema Fatumah. Kitanda kilikuwa kipya, pazia jipya, na kikombe chake kilikuwa peke yake kwenye trei yake. Hakuna aliyemtukana. Wanawake waliokuja kumpa pole walisimama kizingitini wakasema maneno mazuri yote yanayojulikana. Lakini Kulthum ni mtu wa mikono, na mikono ndiyo aliyoitazama. Alipowasogelea, aliiona ikiingia ndani ya mitandio, mmoja baada ya mwingine, kama kobe.

Siku hizi redio za Kampala zinazungumza afya ya akili asubuhi na jioni, kati ya tangazo la sabuni na la simenti. Vijana wanalitamka neno hilo bila kutafuta pa kujificha. Hata khatibu aliwahi kuligusia Ijumaa moja, na watu wakatikisa vichwa kukubali. Vichwa vilikubali kweli. Mikono ilibaki ndani ya mitandio.

Kwa hiyo Kulthum akawa anameza vidonge vyake, anakwenda kuchora na kundi la Moreen siku za kliniki, na akirudi anakaa uani. Jioni alijipaka mkono wa kushoto, akauosha kabla haujakolea, akajipaka tena. Wa kulia hakuwa na wa kumpakia.

Juma la harusi lilipofika alimkuta Fatumah kwenye kamba ya nguo.

"Wifi, hina nimeshaichekecha. Lini mnaniletea mtoto?"

Fatumah aliibana fulana kwa kibanio, akaitoa, akaibana tena. "Tumemchukua Safinah, yule wa mjini."

"Safinah anatumia koni."

"Koni ni haraka."

"Na mimi ni senga wake."

"Ndiyo maana nimekuja kukwambia mwenyewe, sikutuma mtu." Ukweli ni kwamba hakuja kumwambia, alikuja kuanika; lakini tumwachie. Akashusha sauti. "Wifi, wakwe zetu ni watu wa kuuliza. Watauliza mwali kapakwa na nani, na jina likitajwa watauliza habari zake. Kisha watasema imo katika damu. Nina wasichana wengine nyuma ya huyu. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Kulthum akainyoosha ile fulana kwenye kamba.

"Nitakuja kukaa tu, basi. Pembeni."

"Chakula tutakuletea," akasema Fatumah. Akachukua beseni lake akaondoka.

Hina aliiroweka hata hivyo. Kwa ajili ya nani? Usimuulize.

Siku yenyewe wanawake walianza kufika baada ya adhuhuri. Kulthum hakuwaona, aliwasikia: vigelegele, dufu, na zile kandambili zikivuliwa mbele, pata-pata, pata-pata, kama mvua inayoanza kwenye bati. Harufu ya hina ya Safinah ilipenya hadi uani. Akainusa mara moja tu. "Ameweka dawa ya nywele," akaliambia pazia. Pazia halikubisha. Mchana ukaenda. Mtu alileta sahani ya pilau iliyofunikwa, akaiacha kwenye kigoda, akaondoka kabla ya kushukuriwa. Kulthum aliketi mkekani na bakuli lake la hina mbele yake limefunikwa kitambaa, kama mtu aliyemwekea mgeni chakula.

Baada ya alasiri akasikia mlango unagongwa, lakini chini, karibu na kitasa, tena kwa kitu butu. Akafungua. Alikuwa Taqwa, anagonga kwa kiwiko. Mikono ameiinua juu kama aliyekamatwa, hina mbichi imemjaa mpaka juu ya kifundo.

"Senga, nipishe haraka. Nimewaambia nakwenda chooni."

"Chooni na mikono hiyo?"

"Ndiyo maana nimekuja na haraka." Akavua kandambili kwa kuzisukuma kwa vidole vya miguu, akaziacha pembeni ya zile za Kulthum, akaingia, akakaa mkekani na kunyoosha miguu. Migongo ya miguu ilikuwa na maua ya koni, ya haraka haraka, yote yanafanana. Nyayo zilikuwa nyeupe.

"Safinah kasahau nyayo?"

"Nimemwambia mtekenyo unaniua, aache." Akacheka, kisha hakucheka. "Senga, mwezi uliopita kule chuo kikuu chetu cha Kyambogo waliweka maonyesho ukumbini. Michoro ya wagonjwa wa hospitali, bila majina. Wenzangu walikuwa wanapita wanasema huyu kachora nini. Nikaona mlango wetu. Nikaona kandambili zangu za kipepeo."

Kulthum akaanza kukoroga hina isiyohitaji kukorogwa.

"Kisha nikaona na ule mlango mwingine. Mimi nilidhani unapenda kukaa huku. Mama alisema unapenda kimya."

"Kimya nakipenda."

"Kulikuwa na kandambili moja tu pale, senga."

"Jozi moja," akasema Kulthum. "Kandambili ikiwa moja, hapo mwenyewe ni mgonjwa kweli."

Taqwa alicheka mpaka machozi yakamtoka, na kwa kuwa mikono ilikuwa mbichi hakuweza kuyafuta. Kulthum akamfuta kwa pembe ya mtandio wake, kama zamani. Kisha akauchukua mguu wa kulia wa yule binti, akauweka juu ya paja lake.

Sikia, msomaji. Mguu wa mtu ulikuwa juu ya paja la Kulthum, una joto, una uzito, unatoka jasho kidogo kama inavyotakiwa. Aliushika tu kwanza. Chelewa ilikuwa mkononi na hakuitumia.

"Ningetaka iwe mikono," akasema Taqwa. "Sikuweza kusema mbele ya watu. Nilijaribu, nikashindwa."

"Mikono imeshachukuliwa. Usitikisike."

"Unanitekenya!"

"Basi nenda ukaolewe hivyo hivyo."

Taqwa akatulia kama ukuta. Kulthum akaanzia kisiginoni. Alipaka yale maua ya sebuleni, yaliyoko nyuma ya kabati, yakapanda unyayo mzima mpaka chini ya kidole gumba. Nyayo hakuna mkwe azitazamaye. Lakini hina hukolea kuliko kote pale ngozi ilipo ngumu, na hilo alilijua yeye na sasa unalijua na wewe.

Alikuwa amefika katikati ya mguu wa pili sauti ya Fatumah iliposikika uani. "Taqwa! Weeh, Taqwa! Banange, huyu mtoto yuko choo gani?"

Hatua zikaja mpaka mlangoni, zikasimama. Wote wawili waliona kivuli chake chini ya mlango, na walijua anatazama nini pale chini: jozi mbili. Kulthum hakuinua chelewa.

Kisha Fatumah akasema kupitia ubao wa mlango, kwa sauti ya mtu anayeongea na mlango wenyewe, "Asikanyage chini kabla haijakauka." Na hatua zikarudi zilikotoka.

Walikaa mpaka ikakauka. Kulthum alimfunga miguu kwa kavera, mifuko miwili myepesi ya nailoni ya dukani kwa Fahim, akaikaza kwa uzi juu ya kifundo ili maua yasivurugike. Taqwa akaondoka hivyo, fwasha-fwasha, mikono juu, bibi harusi wa nailoni, na vigelegele vya mbele vikampokea na kummeza.

Kandambili zake akazisahau.

Kesho yake nikaha ikapita, magari yakapiga honi kushuka mlimani, rundo la mlango wa mbele likapungua mpaka likabaki la kawaida. Trei yenye kikombe kimoja ikaendelea kuja. Mvua ikinyesha, Kulthum huziingiza kandambili za Taqwa ndani. Ikikatika, huzirudisha pale pale pembeni ya zake, vidole vikielekea mlangoni, kama za mtu aliye ndani.

Baada ya siku kadhaa Taqwa alipiga simu kutoka kwa mumewe.

"Senga, zile kandambili zangu, niliziacha huko kwako?"

Kulthum alizitazama kupitia mlango uliokuwa wazi.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Huku sijaziona."